Nyumba Richfield: kabla ya kukagua jiko, sikiliza ndege

Na Mwandishi Wetu, Minnesota

RICHFIELD, Minnesota — Kwa Waafrika Mashariki wengi wa hapa Minneapolis na Saint Paul, swali la nyumba huanza kwa namna moja. Mtoto wa pili anazaliwa, au mama mzazi anapata viza na kuja kukaa miezi sita, na fleti ya vyumba viwili iliyokuwa ikitosha inageuka kuwa kama daladala ya saa kumi na mbili jioni. Mkataba wa pango unakuja upya, kodi imepanda tena. Hapo ndipo baba na mama wanakaa mezani na kuanza kupiga hesabu: tununue wapi?

Jibu ambalo wengi hupewa na marafiki ni "nendeni mbali". Kaskazini, Wakenya wamejenga makazi Brooklyn Park na Brooklyn Center kwa miaka mingi, kiasi kwamba mwaka 2024 wapiga kura wa Brooklyn Park walimchagua Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, kuingia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo. Kusini, watu wanavuka Mto Minnesota kwenda Burnsville, Apple Valley, Shakopee na Lakeville, kwenye nyumba mpya zenye gereji ya magari matatu na jiko linalong'aa. Hakuna ubaya wowote. Lakini uko mji mmoja ambao wengi wetu huupita kwa mwendo wa maili 60 kwa saa tukielekea Mall of America, na hatujui hata kama tumeupita. Mji huo ni Richfield, nao unastahili kutazamwa kabla ya kuvuka mto.

Richfield ni kipande cha ardhi cha maili za mraba zipatazo saba tu, kilichobanwa kila upande. Kaskazini kuna barabara kuu ya 62, na ng'ambo yake ni Minneapolis. Kusini kuna I-494, na ng'ambo yake ni Bloomington. Magharibi ukivuka barabara ya Xerxes umeingia Edina, mji wa wenye nazo. Mashariki kuna uwanja wa ndege wa kimataifa. Katikati inapita I-35W. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu karibu watu 37,000. Mji huu ulikuwa na watu wengi zaidi zamani. Mwaka 1970 walikuwa zaidi ya 47,000.

Hesabu hiyo ya zamani ndiyo inayoeleza nyumba zake. Baada ya Vita Kuu ya Pili askari walirudi, wakapata mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali, na mashamba ya mboga ya Richfield yakageuka mitaa katika muda mfupi sana. Mwaka 1940 wakazi hawakufika 4,000. Mwaka 1960 walikwisha kuzidi 42,000. Ndiyo maana ukitembea leo kati ya barabara za Penn na Portland utaona nyumba zinazofanana kama ndugu: ndogo, ghorofa moja au moja na nusu, vyumba viwili au vitatu, bafu moja, gereji ya gari moja nyuma, na chini yake besimenti. Kwa macho ya mtu aliyezoea picha za majumba ya kwenye televisheni, ni nyumba za kawaida mno. Kwa familia inayonunua kwa mara ya kwanza, udogo huo ndio faida yake.

Tuchukue mfano, kwani hesabu za nyumba hazieleweki hewani. Mama anafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Baba yuko uwanja wa ndege, anaingia saa kumi na moja alfajiri. Watoto wawili wako shule ya msingi. Bibi amekuja, na bibi haendeshi gari. Familia hii ikinunua Lakeville, kila mtu mzima anahitaji gari lake, na bibi anakuwa mfungwa wa sebuleni kuanzia Novemba hadi Aprili. Gari la pili si gari tu. Ni malipo ya kila mwezi, bima, mafuta, matengenezo, na betri inayokataa kuwaka nyuzi 20 chini ya sifuri. Na asubuhi ya theluji, watu wote wa ng'ambo ya mto wanapita kwenye madaraja yale yale machache. Anayebeba boksi anajua maana ya kuchelewa dakika ishirini mara tatu kwa mwezi.

Richfield, usafiri wa umma umebadilika sana miaka ya karibuni. Desemba 2021 ulianza mstari wa mabasi ya haraka uitwao Orange Line kwenye I-35W, wenye kituo mtaa wa 66 na kingine Knox na 76. Desemba 2022 ukafuata D Line, unaopita barabara ya Portland ndani ya Richfield, ukaingia Minneapolis kwa barabara ya Chicago, ukapita hospitali ya Abbott Northwestern na kufika katikati ya jiji. Upande wa kusini unaishia Mall of America. Hospitali ya Southdale iko ng'ambo tu, Edina. Kwa hiyo familia ya mfano wetu inaweza kuishi na gari moja, na fedha za gari la pili zikaingia kwenye mkopo wa nyumba. Hilo wakopeshaji hawakuambii, maana karatasi yao inaonyesha bei ya nyumba peke yake.

Sasa tuje kwenye ndege.

Mtu anayekwenda kutazama nyumba Jumapili mchana anaweza kukuta ukimya mtupu. Akarudi Jumanne akakuta dirisha linatetema. Sababu ni upepo. Ndege huruka na kutua zikielekea upepo unakotoka, na upepo ukigeuka, uwanja mzima unageuza mwelekeo. Upepo ukivuma kutoka kaskazini-magharibi, ndege zinazoruka kwenye njia mbili sambamba hupita juu ya kusini mwa Minneapolis na kaskazini mwa Richfield. Ukigeuka, kelele nyingi zinahamia kwa watu wengine. Aidha, upande wa mashariki kuna njia ya tatu, ile ya kaskazini-kusini, iliyofunguliwa Oktoba 2005. Huko tatizo si ndege iliyo juu ya paa tu bali ule mngurumo mzito wa injini zikiwa bado ardhini, unaoingia kwenye kuta na kwenye godoro.

Kwa mtu wa zamu ya usiku anayelala mchana, jambo hili ni kubwa kuliko jiko la aina yoyote. Kwa hiyo ushauri wetu ni wa kimaskini lakini hauna gharama: nenda kwenye mtaa huo siku tatu tofauti, asubuhi, saa tisa alasiri, na usiku saa nne. Kaa ndani ya gari, zima redio. Kisha ingia kwenye tovuti ya Tume ya Viwanja vya Ndege ya eneo hili, MAC, ambako unaweza kuona njia za ndege na kuandika anwani ya nyumba ili kujua iko wapi kwenye ramani ya kelele.

Ramani hiyo ina historia ya mahakamani. Mwaka 2005 miji ya Minneapolis, Richfield na Eagan iliishtaki MAC kwa kushindwa kuwatimizia wakazi ahadi ya kuziba nyumba zao dhidi ya kelele. Mwaka 2007 pande zote zilifikia makubaliano, na nyumba zilizo ndani ya mstari wa desibeli 60 zikaingia kwenye mpango: madirisha mapya, milango, kujaza kuta, au kiyoyozi ili mtu afunge madirisha wakati wa joto. Kwa hiyo zipo nyumba mbili za mwaka mmoja, mtaa mmoja, bei moja, ambapo moja ilishafanyiwa kazi hiyo na nyingine haikufanyiwa. Muulize muuzaji kwa maandishi. Wengi hawaulizi.

Uwanja wa ndege haukuleta kelele tu. Mitaa miwili mizima ya mashariki mwa Richfield, New Ford Town na Rich Acres, ilinunuliwa na nyumba zake kuondolewa kupisha uwanja. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa sana. Watu wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni wanajua uwanja wa ndege unapopanuka maana yake nini, na wanajua fidia inavyoweza kuzeeka ikisubiriwa. Richfield pia ina kisa chake cha upande wa kusini-magharibi, pale Penn na I-494, ambapo mji ulitumia mamlaka yake ya kutwaa ardhi ili kupata eneo la makao makuu ya Best Buy yaliyofunguliwa mwaka 2003. Mfanyabiashara wa magari aliyekuwa pale alipinga hadi Mahakama Kuu ya jimbo na hakushinda. Mwaka 2006 Minnesota ilikaza sheria, na leo ni vigumu zaidi kwa mji kumtwalia mtu ardhi na kumpa mwekezaji binafsi. Hata hivyo, anayetaka kununua karibu kabisa na I-494 au barabara ya Cedar aende ofisi za mji kuuliza mipango ya eneo hilo. Wanajibu, na hawaombi chai.

Baada ya mtaa, nyumba yenyewe. Nyumba ya mwaka 1950 ni kama gari lenye maili nyingi: inaweza kuwa nzima kuliko mpya, au inaweza kukumaliza. Bomba la majitaka linalotoka nyumbani hadi barabarani mara nyingi ni la udongo, na mizizi ya miti mikubwa inayopendeza mbele ya nyumba inaingia ndani yake. Lipa mtu apitishe kamera humo kabla ya kusaini. Kwenye nusu ghorofa ya juu, kama dari halikujazwa vizuri, joto linapanda, theluji inayeyuka juu ya paa na kuganda tena ukingoni, na maji yanatafuta njia ya kuingia ukutani. Njia rahisi ya kugundua ni kupita Januari na kutazama paa: lenye mikuki mirefu ya barafu linasema habari zake lenyewe.

Besimenti ndiyo inayowadanganya wengi. Tangazo linasema vyumba vinne. Ukifika unakuta viwili viko chini, na dirisha lao ni dogo kiasi kwamba mtu hawezi kutoka moto ukizuka. Chumba cha kulala lazima kiwe na dirisha la kutokea. Usimlaze bibi wala mtoto chini bila hilo, hata kama kapeti ni jipya. Chini huko pia kuna gesi ya radoni, isiyo na rangi wala harufu, inayotoka ardhini na kusababisha saratani ya mapafu. Idara ya Afya ya Minnesota inasema takriban nyumba mbili katika kila tano za jimbo hili zina kiwango cha juu. Tangu mwaka 2014 sheria inamtaka muuzaji aeleze anachojua kuhusu radoni, lakini hailazimishi apime. Pima wewe.

Mji wa Richfield wenyewe hukagua nyumba kabla haijauzwa na kutoa orodha ya mambo ya kurekebisha. Ni jambo zuri, ila mkaguzi wa mji anaangalia kanuni za mji. Mkaguzi uliyemlipa mwenyewe ndiye anayekufanyia kazi wewe. Usikubali kumwacha hata dalali akisema wanunuzi wengine watakushinda.

Tuingie kwenye fedha. Mikopo inayodhaminiwa na FHA inaruhusu malipo ya awali ya asilimia 3.5 kwa mwenye historia nzuri ya mikopo. Kwa nyumba ya dola 300,000, hiyo ni dola 10,500, na unabaki na deni la dola 289,500. Sasa tazama riba inavyocheza. Mwaka 2021 riba ya mkopo wa miaka 30 ilishuka hadi chini ya asilimia 3. Oktoba 2023 ilikaribia asilimia 8. Deni hilo hilo kwa asilimia 3 ni kama dola 1,220 kwa mwezi. Kwa asilimia 7 ni kama dola 1,926. Hapo hujaweka kodi ya majengo, bima ya nyumba, wala ile bima ya mkopo wa FHA. Ndiyo maana anayekuambia "mimi nilinunua bei hiyo hiyo na nalipa kidogo" hakudanganyi. Alinunua mwaka mwingine.

Minnesota Housing, shirika la jimbo, lina mikopo ya kusaidia malipo ya awali, na kuna mafunzo ya mnunuzi wa mara ya kwanza yaitwayo Home Stretch. Fedha za misaada kama hii huja na kuisha, basi uliza mapema. Tahadhari nyingine: ukiwa unatuma fedha za kujenga Bunju au Kitengela, mkopeshaji ataziona kwenye taarifa yako ya benki na ataziuliza. Wapo ndugu ambao wamejenga nyumbani nyumba nzuri inayokaliwa na mlinzi, huku wenyewe wakipanga huku kwa miaka kumi na tano. Kila mtu na mipango yake, lakini watoto wanakulia hapa.

Kwa Waislamu wasiotaka riba, njia imekuwa nyembamba zaidi, na hapa ndipo watu wameumia. Mwaka 2009 Minnesota Housing ilishirikiana na African Development Center, shirika lililoanzishwa na marehemu Hussein Samatar, mzaliwa wa Somalia, katika mpango ambao jimbo linanunua nyumba na kumuuzia mteja kwa bei ya juu zaidi iliyokubaliwa mwanzoni, bila riba. Lakini wengi hawakuzipata njia za namna hiyo, wakaangukia kwenye karatasi ambayo huku huitwa "contract for deed". Ndani ya mkataba huo unamlipa muuzaji moja kwa moja kwa awamu, na yeye anabaki na hati mpaka deni liishe. Mara nyingi miaka michache baadaye unadaiwa mkupuo mkubwa wa mwisho. Ukikwama, kwa sheria ya miaka mingi ya Minnesota, muuzaji aliweza kuuvunja mkataba kwa notisi ya siku 60, na malipo yako ya awali, awamu zako na ukarabati wako vyote vikabaki kwake. Mwenye mkopo wa benki ana ulinzi mkubwa kuliko huo.

Mwaka 2022 gazeti la Sahan Journal, pamoja na ProPublica, walichapisha uchunguzi ulioonyesha jinsi familia za Kisomali hapa Minnesota zilivyouziwa nyumba kwa mikataba hiyo kwa bei zilizopandishwa, kwa maelezo kwamba haina riba. Mwaka 2024 bunge la jimbo lilibadili sheria na kuwabana zaidi wawekezaji wanaouza kwa njia hii. Bado mikataba ipo. Kama umeletewa mmoja, usisaini mbele ya aliyeuleta. Mpelekee mwanasheria wako mwenyewe, si wa muuzaji, na umuulize swali moja kwanza: nikishindwa kulipa miezi miwili, nabaki na nini?

Katika kusoma hati za nyumba hizi unaweza kukutana na kitu cha kushtua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, kupitia mradi wa Mapping Prejudice ulioanza 2016, wamefukua maelfu ya hati za wilaya ya Hennepin, ambamo Richfield imo, zenye kifungu kinachokataza mtu mweusi kununua au kuishi. Mahakama Kuu ya Marekani ilivinyima nguvu vifungu hivyo mwaka 1948, Minnesota ikapiga marufuku vipya mwaka 1953, na sheria ya taifa ya 1968 ikamalizia. Maneno yenyewe yamebaki kwenye karatasi. Tangu 2019 mwenye nyumba anaweza kusajili waraka wa kukikana kifungu hicho. Miaka mingi baadaye Richfield hiyo hiyo ilimchagua Maria Regan Gonzalez, aliyeanza kazi 2019 kama meya wa kwanza wa Kilatino wa kike katika Minnesota, na shule moja ya msingi ya mji inafundisha kwa Kihispania na Kiingereza.

Kuhusu shule kwa jumla, kuna wanaolipa zaidi sana ili tu wavuke Xerxes na kuingia Edina. Kabla ya kufanya hivyo, wajue kwamba tangu mwisho wa miaka ya 1980 Minnesota inaruhusu mtoto kuomba nafasi katika wilaya nyingine ya shule. Maombi ya kawaida hufungwa Januari 15, nafasi zina kikomo, na usafiri ni juu ya mzazi. Tembelea shule za Richfield siku ya masomo, uongee na walimu. Na mipaka ya wilaya za shule haifuati lazima mipaka ya miji. Hakikisha anwani yenyewe.

Ukishapata funguo, kuna karatasi moja ambayo wengi huisahau wakiwa bado wanafungua maboksi. Omba nyumba isajiliwe wilayani Hennepin kama makazi yako mwenyewe, kabla ya Desemba 31, maana kwa nyumba zisizo za bei ya juu hatua hiyo inapunguza thamani inayotozwa kodi. Kodi yenyewe hulipwa kwa awamu mbili, Mei 15 na Oktoba 15, isipokuwa kama mkopeshaji anakukata kila mwezi. Halafu kila Novemba itakuja barua inayoonyesha kodi ya mwaka unaofuata. Hiyo si bili. Ndani yake kuna tarehe ya mkutano ambapo mwenye nyumba anaruhusiwa kusimama na kusema kabla kiwango hakijapitishwa. Nenda, hata kama ni saa yako ya kulala.